Mtaro wa Mama Katika Dambo

Mama yangu hapimi shamba kwa macho. Huchota udongo kwa mkono wa kulia, akaufinya, akasubiri. Katika dambo letu, bonde la majani na maji juu ya uwanda wa Manika, maji yalikuwa yakichuruzika kati ya vidole vyake hata kiangazi kikikomaa. Bustani za wengine zikikauka, sisi wa mtaa wa Dilala tulipanda pikipiki kwenda huko kuchuma lengalenga, yaani mchicha, na kabichi. Tangu baba afariki, dambo ndilo lililotulisha.

Udongo wake ulikuwa mweusi tititi. Ukiupasua, uliona nyuzi za majani yaliyokufa kabla bibi zetu hawajazaliwa. Jani lililozama halipati hewa, basi halimalizi kuoza. Hulala pale na kaboni yake yote, na jingine huja kulala juu yake. Hayo niliyasoma shuleni nikayasahau, kama mtu anavyosahau jambo ambalo halijamuuma.

Mwaka mmoja mvua zilipita kiasi, kabichi zikaoza mizizi. Mama akachimba mtaro wa kupeleka maji mtoni.

“Mayi ni mingi,” alisema. “Tuipunguze kidogo tu.”

Msimu uliofuata watu walikuja kushangaa kabichi zetu. Nilimsifu, nikala, nikashiba.

Kisha mvua zikaanza kuchelewa, na jua la Septemba likawa kali kuliko tulivyolizoea. Siku moja nikaona nguzo za ua wa bustani yetu zimetokeza sehemu zilizokuwa zimefukiwa. Ardhi ilikuwa imekauka na kushuka. Nilipomwambia mama, alicheka.

“Ni we unazeeka, mutoto yangu. Unaona bitu yote inashuka.”

Sikucheka. Nilimkasirikia, na zaidi nilianza kuogopa.

Kabla ya kupanda vitunguu, mama huchoma magugu ili apate majivu. Zamani ubichi wa udongo wenyewe ulizima moto. Safari hii alimwaga ndoo za maji, akahakikisha hakuna kaa la moto, tukaondoka. Tuliporudi, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kati ya matuta, mahali ambapo hakuna aliyewasha kitu. Nikaweka kiganja chini. Palikuwa na joto.

Tulimwaga maji hadi mikono ikachoka. Moshi ulizama hapa, ukatokea mbele. Mama akakanyaga tuta la vitunguu ili afikie upande wa pili, na mguu wake ukadidimia ndani ya majivu. Aliuchomoa umebabuka. Nilimfokea kama anavyofokewa mtoto, na huku nalia.

Moto ule ulikula chini kwa chini mpaka mvua ziliposhika kweli. Tulipokwenda kuangalia, bustani ilikuwa shimo pana, na sakafu yake mchanga mweupe. Yale majani ya miaka na miaka yalikuwa yamekwenda hewani, sijui kwa nani. Mama alishuka akichechemea, akachota, akafinya. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mchanga ukamwagika kati ya vidole vyake, na yeye bado alikuwa anasubiri maji.

Hapo ndipo jirani yetu wa shamba la juu, mjane kama yeye, alipokuja. Hakuangalia shimo sana. Alitaka mama amwonyeshe pa kuanzia mtaro, maana kabichi zake nazo zilikuwa zinaoza.

“Usichimbe, mama,” mama alimwambia. “Budongo itawaka. Ona mu shamba yangu.”

“Weye ulikula, mama. Shiye tusikule?” jirani aliuliza.

Mimi nilifungua kinywa, nikakumbuka jinsi nilivyoshiba, nikakifunga.

Kesho yake tulisikia jembe. Mtaro wa jirani unashuka moja kwa moja kuelekea shimo letu, na dambo lililoko juu yake, mpaka kwenye miti, lote bado ni udongo mweusi, wa kuwaka.