Nilikuwa Nauguza

Swali lenyewe ni fupi, na kila aliyeniuliza aliliuliza akiwa ameegemea kiti: "Hapa katikati ulikuwa unafanya nini?"

Hapa katikati ni miaka sita. Wanaweka kidole kwenye karatasi, pale ambapo kazi yangu ya ukarani inaishia na chini yake hapana kitu, halafu wanakukazia macho kama askari wa forodha wa Kasumulu anavyomkazia macho mtu aliyevaa makoti mawili kwenye joto la Kyela. Ukikohoa, umejimaliza.

Nilikuwa karani wa ghala katika chama cha ushirika. Tulinunua mpunga na kakao, nikapima, nikaandika stakabadhi, na nilikuwa najiona mtu. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakawafuata wakulima mpaka uani kwao, wakalipa papo hapo, na sisi tukabaki na mizani yetu tukipima upepo. Chama kikafa kifo cha mende, miguu juu. Tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri. Kabla sijasubiri vya kutosha, mama akaanguka uani akiwa anaanua mpunga. Kiharusi.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye mtoto pekee, kwa hiyo hakuna kikao kilichoitishwa kuamua nani amtunze. Mama alikuwa mfanyabiashara wa vyungu. Alivinunua Lyulilo, sokoni pale ufukweni mwa ziwa, akaja kuviuza huku kwetu, na sauti yake ilikuwa imezoea kubishana bei na watu ambao bado wamo ndani ya mtumbwi. Kiharusi kilichukua mkono, mguu na nusu ya mdomo. Nusu iliyobaki ikafanya kazi ya mdomo mzima.

Nilimgeuza, nilimwogesha, nilimkanda kwa maji ya moto. Masika, maji yalipoingia ndani, nilimbeba mgongoni mpaka kwa jirani aliyejenga juu. Katikati ya hayo nililima mpunga wetu na kuuza ndizi. Kunishukuru hakunishukuru hata siku moja. Jirani akileta mkungu wa ndizi, mama alimwambia "ndaga fijo", asante sana, mpaka jirani akaona aibu. Mimi niliambiwa chumvi imezidi.

Hiyo ndiyo "hapa katikati".

Alipopata nafuu kidogo, akaweza kukaa kwenye kiti mwenyewe na jirani akakubali kumwangalia mchana, nikaanza kutafuta kazi. Kila mahali nilijibu ukweli: nilikuwa nauguza. Lo! Afadhali ningesema nilikuwa gerezani. Miaka ile, ukisema umeuguza muda mrefu, watu hawakusikia kiharusi. Walisikia ule ugonjwa ambao wenyewe hawakuutaja kwa jina. "Unauguza nani?" "Mama." "Anaumwa nini?" "Kiharusi." "Mhh." Bwana mmoja aliichukua kalamu yake niliyotia nayo saini, akaipangusa kwa leso mbele yangu, kisha akanitakia safari njema. Nilitoka pale nimeumia, na kwa hasira nilitembea kwa miguu njia yote, hela ya kukodi baiskeli ninayo mkononi.

Washauri hawakukosekana. Mmoja akaniambia niseme nilikuwa nafanya biashara mpakani. Mwingine, niseme nilikuwa chuo cha Biblia. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi akasema niseme nilikuwa nimeolewa. Na huyo mume nimweke wapi? Nimfiche darini? Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeshauri kwamba kumgeuza mtu mzima kitandani miaka sita ni kazi, nami niiseme hivyo kifua mbele.

Ndipo ikaja kampuni ya kununua kakao, ikafungua ofisi mjini Kyela. Walitaka karani wa ghala. Nikaenda. Walikuwa wawili mezani: meneja, kijana wa kutoka mbali mwenye shati jeupe lisilojua bado vumbi la kakao, na mhasibu, mama wa makamo, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu. Nikaulizwa lile swali, nikajibu. Meneja akanisikiliza mpaka mwisho, wa kwanza kufanya hivyo.

"Pole sana. Na mama anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

"Kwa hiyo bado anaumwa?"

"Bado."

Akafunga faili. "Dada yangu, sisi msimu wa kakao ukianza hatujui Jumapili. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani kila siku ni ruhusa. Mama akipona, uje."

Akipona! Kiharusi cha miaka sita, mtu anakwambia akipona uje, kama ni mafua. Nilimshukuru, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, nikatoka.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mfanyabiashara wa Kasumulu mwenye nusu ya wakwe zake ng'ambo ya Mto Songwe. Uongo kwake ni kama breki ya baiskeli: haugusi mpaka afike mteremkoni. Nilipomsimulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, mwenye mgonjwa haajiriwi. Mwenye msiba huonewa huruma."

Nikadhani ni mzaha wake wa kawaida. Baada ya wiki chache nikaitwa tena kwenye kampuni. Naingia, meneja anasimama, ananipa mikono miwili.

"Pole sana kwa kumpoteza mama. Mjomba wako ametueleza."

Mtu akikupa pole, ulimi hujibu wenyewe, hausubiri. "Asante, nimeshapoa," nikasema. Nilipoelewa nimejibu nini, mhasibu alikuwa ameshanikumbatia na meneja ananiambia nianze kazi Jumatatu. Sikumbuki niliagaje.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Mjomba alikuwa kwetu, anakula ndizi kwa raha zake.

"Umemuua mama!"

"Nimemuua kwa maneno tu. Kwani ameumia?"

"Unamchuria kifo dada yako wa tumbo moja!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake, amesikia yote. Nikangoja laana. Alitutazama, kwanza kaka mtu, sijui niseme mdogo mtu, maana siku ile alijifanya mkubwa wa ukoo mzima, kisha akanitazama mimi.

"Kazi umepata?"

"Nimepata."

"Basi nimekufa," akasema kwa ile nusu ya mdomo. "Nyamazeni, watu wasisikie."

Kosa letu sote watatu, mjomba na ujanja wake wote akiwemo, lilikuwa kusahau kwamba mhasibu ni Mnyakyusa. Kwetu mtu hasikii msiba akakaa nyumbani. Hata kama kaburi limeota nyasi, unakwenda, unalia kwanza, ndipo unapewa kiti. Jumapili baada ya ibada, namchana mama nywele uani, nikasikia kilio njiani. Mama mhasibu ameteremka kwenye baiskeli ya kukodi, khanga amejifunga kiunoni, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, analia kwa sauti, mama wee ya Kinyakyusa: "Juba we! Juba we!" Anamlilia mama yangu, na mama yangu yuko mbele yake, nusu ya kichwa imechanwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akamwacha alie mpaka akatosheka.

"Ugonile, mwanangu," akamsalimu. "Unamlilia nani?"

"Namlilia mama wa nyumba hii."

Mama akafikiri kidogo tu. "Dada yangu," akasema. "Mimi ni mdogo wake. Karibu, kaa."

Mhasibu akakaa, akajifuta machozi, akautazama ule mkono uliolala mapajani. "Na wewe, mama mdogo, unaumwa?"

"Ni ugonjwa wa ukoo."

Nikasema moyoni, tumekwisha. Lakini mhasibu hakuja kuchunguza, alikuja kuhani. Akauliza kama inavyoulizwa msibani: marehemu alianza vipi kuugua, na alitunzwaje. Hapo mfiwa hueleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama ndiye aliyeeleza.

"Aliugua miaka sita. Huyu ndiye aliyemshika. Alimgeuza usiku na mchana, hakupata kidonda hata kimoja. Maji yalipoingia ndani, alimweka mgongoni. Dada yangu alikuwa na mdomo mbaya, mimi namjua. Huyu hakumjibu."

Uongo mtupu. Nilimjibu mara nyingi, na mara moja nilirusha bakuli.

"Dada hakumwambia ndaga," mama akaendelea, maneno yanamtoka polepole, mate anayafuta kwa mkono mzima. "Alitaka kumwambia. Kila asubuhi alitaka. Alikufa hajasema."

Mhasibu akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nikaenda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Nilikaa huko mpaka moshi ukawa sababu ya kutosha ya macho yangu kuwa vile.

Nikaanza kazi Jumatatu, na kazi niliiweza. Tatizo lilikuwa marehemu. Marehemu alipata malaria, marehemu alianguka kitandani, na marehemu haombewi ruhusa. Ikabidi niombe ruhusa za mama mdogo. "Huyu mama mdogo wako hana watoto wake?" meneja aliuliza. Nikasema hana. Safari nyingine akauliza kwa nini ukoo mzima unanitegemea mimi. Hilo hata mimi nilikuwa najiuliza, lakini si kwa sababu aliyoidhania yeye. Nilifanya kazi ghalani nikiwa na jasho la woga, nikihesabu magunia huku masikio yakiwa njiani. Nilikuwa nimechoka kuliko miaka ile sita yote, maana kule nilibeba mgonjwa peke yake.

Mama alifariki msimu wa pili wa kakao, asubuhi, ameketi kwenye kiti. Nilikwenda ofisini nikasimama mbele ya meza ya meneja, na ulimi wangu, uliokwisha kufundishwa, ukasema mama mdogo amefariki.

"Pole sana. Lakini unaelewa hali ya msimu. Msiba wa mama mdogo si wa kukaa sana. Mimi mwenyewe nitakuja na wafanyakazi kwenye mazishi."

Nilirudi njia nzima nasema peke yangu. Baiskeli zinanipita, watu wananitazama. Mama mdogo! Nimembeba mgongoni kwenye maji, leo naambiwa nisimlilie sana kwa kuwa ni mama mdogo, na neno hilo nimelitamka mwenyewe.

Jioni mjomba alikaa kuandika wasifu wa marehemu, maana yeye ndiye angeusoma kaburini. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba, lakini akili yake ilikuwa bado mpakani.

"Mwanangu, kampuni nzima itakuwepo kesho. Niandike kuwa hakuacha mtoto?"

"Andika ameacha mtoto."

"Utafukuzwa kazi. Utarudi kule kule, watakuuliza tena."

"Waniulize! Andika mama yangu, mjomba. Andika kila kitu."

Akainama, akaandika.

Kesho yake watu walijaa mpaka shambani kwa jirani. Lori la kampuni likaja, meneja akashuka, vumbi la kakao limeshamjua vizuri siku hizo. Mjomba akasimama, akasoma bila kuruka neno: alikozaliwa, vyungu vya Lyulilo, siku aliyoanguka. "Ameacha mtoto mmoja, ambaye ndiye aliyemuuguza tangu siku hiyo mpaka jana." Akanitaja. Mhasibu akajiziba mdomo kwa khanga. Meneja akamwinamia aliyekuwa karibu naye, akanong'ona, akajibiwa, akanigeukia.

Tulipomaliza kutia udongo, akaja niliposimama na wanawake.

"Kumbe huyu ndiye mama yako mzazi."

"Ndiye."

"Na ndiye uliyekuwa unamuuguza miaka yote ile, na bado ukaendelea."

"Ndiye huyu."

Akatikisa kichwa. Alikuwa ameumia kweli, uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Sasa dada yangu, kwa nini hukuniambia ukweli tangu mwanzo? Mimi ni binadamu. Ningeelewa. Msiba ukiisha, rudi kazini."

Nilimtazama. Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nalo tangu siku aliponifungia faili, na lilikuwa refu. Nikafungua kinywa kulitoa, kikatoka kicheko. Nilicheka mbele ya kaburi bichi la mama yangu, nikashindwa kujizuia, kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakanishika mikono huku na huku, wakaniambia nijikaze, mama amepumzika.