Nilichojifunza kuhusu ball joint na neno "mafuta", Arua hadi Koboko

Wakuu, heshima zenu. Nasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto, cha msoma ramani.

Dereva alikuwa kaka yangu Andama, mtoto wa baba mkubwa. Gari ni lake la rally, tunalifanyia service mtaa wa Awindiri, Arua. Fundi wetu ni Dieudo, Mkongo anayeishi Vurra, mtu mpole sana.

Kwa wasiojua: ball joint ndiyo inayoshika tairi la mbele na mkono wa suspension. Inaishi kwa grisi. Raba yake ikichanika, maji na vumbi la murram huingia, grisi inageuka msasa.

Siku ya mashindano tulivuka mito miwili kabla ya kufika Koboko. Usukani ukaanza kulia kila tukikata kona. Andama akaujua mlio huo, akaniambia ball joint imekauka.

Tulipofika service, kituo cha matengenezo njiani, Dieudo akajaza tangi la gari letu. Andama, helmet bado kichwani, akamuuliza dirishani, "Mafuta iko?"

"Iko. Mafuta iko mingi."

Tukaondoka.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotuua. Petroli ni mafuta. Oil ni mafuta. Grisi nayo tunaiita mafuta. Kila mmoja alisikia ya kwake: Andama grisi, Dieudo petroli.

Mbele kidogo ball joint ya kulia ikachomoka. Tairi likalala, gari likabiringika mpaka kwenye shamba la mihogo. Mimi nilitoka na michubuko. Mguu wa kulia wa Andama ulipondeka vibaya, na madaktari wa Arua wakasema hatashindana tena.

Wakuu, nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Mjomba wake Andama akataka Dieudo afungwe. Alisema fundi ametudanganya, na kwa mgeni wa ng'ambo ya mpaka neno kama hilo linatosha kummaliza. Nilimweleza nilivyosikia, hakutaka kunielewa.

Dieudo hakukimbilia kwao. Alikuja hospitali mwenyewe, akasimama mlangoni.

Andama akamtazama mjomba, akasema polepole:

"Mjomba, mimi niliuliza mafuta. Yeye alijibu mafuta. Grisi iko kwa roho yangu tu, kwa mudomo haikutoka. Hapa hakuna mutu mwongo."

Mjomba alikaa chini. Habari za polisi zikaishia hapo.

Somo langu ni dogo. Mkitoka majini, futeni nipple, ile chuchu ya kuingizia grisi, pigeni grisi mpaka ile chafu itoke na mpya ionekane. Inueni gari, shikeni tairi juu na chini mlitikise. Likicheza, ball joint imekwisha, grisi haitaiponya. Na mkimwambia fundi, kitajeni kitu kwa jina lake.

Andama anatembelea magongo. Jana nilimkuta gereji kwa Dieudo, wamekaa benchi moja, wanaangalia gari lisilo na dereva.

Karibuni wakuu. Wenye gari na mafundi, kwenu neno gani limewahi kuwagharimu?