Kichuguu Kisichotaka Pombe

Nilipokuwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba yetu kule Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa, na nilikiogopa kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Hatukuruhusiwa kukielekezea kidole, kukojoa karibu nacho, wala kuita jina la mtu tukiwa tumekipa mgongo. Nani alitunga sheria hizo sijui. Kila mtoto wa mtaa alizijua, nasi tulizitii bila kuuliza, jambo ambalo wazazi wetu hawakulipata kwa sheria zao.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, kisha akawa dereva aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa uani na kunywewa kwa vikombe vidogo. Hakuwa mlevi wa kupiga watu. Akilewa alilia na kuomba msamaha kwa kila aliyepita, hata kwa mbuzi wa jirani, na asubuhi yake alikuwa anatutengenezea magari ya waya huku mikono ikimtetemeka. Nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za baba mlevi hutarajia maneno mengine. Lakini kila ilipofika saa kumi alasiri alisimama, akajipapasa mifukoni kama mtu aliyesahau kitu, akaenda kwa Ma Jeanne, mama aliyepika lutuku nyumba ya nne kutoka kwetu. Wachungaji walikuwa wamemwombea mara tatu. Alikaa bila kunywa siku nne, tano, halafu saa kumi ikamshinda.

Mwaka huo mama alichoka. Alituma habari Kilwa, kwenye ziwa Mweru, kwa mama yake mzazi, aje atuchukue: yeye mama, mimi na mdogo wangu Mbuyi. Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, akafika baada ya siku nyingi za barabara mbovu, amekaa juu ya magunia ya samaki wakavu, na harufu yao ikakaa nasi wiki nzima. Nguo zetu zilikuwa zimeshafungwa kwenye vitenge. Lori la kurudi Kilwa lilikuwa la Jumamosi. Nilijua maana yake: baba angebaki peke yake na ile saa kumi yake.

Sasa, Nkambo hakuweza kumgombeza baba. Kwa desturi yetu mama mkwe na mume wa binti yake hawasemezani. Wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Baba akiingia uani, Nkambo aligeukia ukuta wa ua. Nkambo akitoka, baba alijifanya anatafuta kitu nyuma ya choo. Walipotaka kuambiana jambo walinituma mimi, hata kama walikuwa hatua tano mmoja kwa mwenzake. Mimi ndiye nilikuwa posta.

Alhamisi Nkambo alikizunguka kichuguu mara mbili, akakigonga kwa fimbo, akaweka udongo wake kidogo kwenye ulimi. Kisha akamwaga kiganja cha unga mweupe chini yake, na kuniita kwa sauti ambayo nadhani hata Ma Jeanne aliisikia.

"Kapinga! Ambia Papa yako: nyumba yake iko ya turubai, na matofari iko inalala hapa nyuma. Akate hii kichuguu. Lakini iko na benyewe, na benyewe habapendake pombe. Atakuya kila siku, saa kumi, na kinywa safi. Siku atagusa jembe na arufu ya lutuku, ugonjwa itaingia mu nyumba, na itaanza na batoto."

Benyewe, yaani wenyewe, ni mizimu ya wazee inayokaa ndani ya kichuguu. Baba alikuwa amekaa kizingitini, amesikia yote. Hata hivyo nilimwendea nikayarudia neno kwa neno, maana posta ni posta.

"Ambia Nkambo yako, nimesikia," alisema. Halafu akauliza polepole, "Anasema itaanza na batoto?"

"Ndiyo, Papa."

Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Jumamosi lori liliondoka bila sisi. Nkambo alimwambia mama kwamba atangoja mpaka kichuguu kiishe, na kama baba atashindwa njiani, basi tutapanda lori litakalofuata.

Siku ya kwanza baba alipiga jembe mara sita, akakaa chini. Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya Lubumbashi imetukamata hata mchana, lakini jasho lilimtiririka shingoni. Siku ya nne alitapika. Ila saa kumi ilipofika alikuwa pale. Alikata udongo, akaumwagia maji tuliyoteka mimi na Mbuyi, akaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, akaujaza kwenye kalibu ya mbao na kuyatandika matofali chini ya majani yakauke. Tulimsaidia kukanyaga, na tukarudi ndani tumejaa tope mpaka mapajani, mama akipiga kelele ambazo sasa naona zilikuwa za furaha. Nkambo alikaa upande wa pili wa ukuta na kukisemesha kichuguu.

"Leo banakukata bizuri, kichuguu," alisema. "Mwenye kukukata iko na nguvu kweli."

Baba alitabasamu chini chini, akapiga jembe kwa nguvu zaidi. Sijawahi kuona mkwe akisifiwa vizuri namna ile.

Wiki ya tatu alianguka. Dereva mwenzake wa zamani alipita kumsalimu, wakatoka pamoja, na saa kumi ile baba hakuonekana. Alirudi jua likiwa linatua, macho mekundu. Nilikimbia kulificha jembe, lakini hata hakulikaribia. Alikaa mbali, kule langoni, akakitazama kichuguu kama mtu anayepita mbele ya askari bila vitambulisho. Alfajiri Mbuyi aliamka anawaka homa. Baba alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, anakimbia na analia, na nyuma yake Nkambo alisimama uani amekikazia macho kichuguu. Ndiyo mara ya kwanza niliona mtu mzima akiogopa maneno yake mwenyewe.

Ilikuwa malaria. Leo najua kwamba mbu alikuwa amemuuma Mbuyi siku nyingi kabla yule rafiki hajabisha hodi, na mbu hana habari na lutuku. Wakati ule hakuna aliyeniambia hivyo, na hata angeniambia nisingemsikiliza. Mbuyi alipopata nafuu, baba alinituma.

"Uliza Nkambo: sasa nifanye namna gani?"

Nilitegemea kuku mweupe atatakiwa, au angalau kufunga chakula. Nkambo alijibu, "Kesho, saa kumi." Basi. Hakuongeza hata neno moja la lawama, na najua lawama alikuwa nazo, kwa maana ndiye mwanamke aliyenigombeza siku mbili kwa kuvunja sahani.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasoma chuo, nilimuuliza kama ni kweli kwamba kwao Kilwa vichuguu havitaki pombe. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Ku Kilwa? Ku Kilwa banamwangaka pombe juu ya kichuguu, njo benyewe bafurahi!"

Yaani alikuwa ameipindua desturi ya wazee wake juu chini, mchana kweupe, na unga akawamwagia ili wasimkasirikie. Nilimkumbatia. Sijui kama kuna dawa ya hospitali iliyotungwa kwa mapenzi kama yale.

Turudi kwenye kichuguu. Kufika mwezi wa Septemba kilikuwa kinamfika baba kiunoni. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni kwa safu ndefu, mama alikuwa ameanza tena kuimba akisonga bukari, ugali wetu, na kila mtu alifurahi kuona kichuguu kinaisha. Ila siku moja nilimsikia Nkambo akimnong'oneza mama, "Siku itaisha, njo siku ya kuogopa," na roho yangu ikaruka. Nilielewa mara moja. Kichuguu kikiisha, wenyewe wataondoka. Wenyewe wakiondoka, ni nani atamzuia baba saa kumi?

Nikapata akili ambayo niliiona kubwa sana. Kila alfajiri kabla ya shule nilichukua beseni la mama, nikajaza udongo uliokuwa umeshakatwa, nikapanda nao na kuumwaga juu ya kichuguu, nikaukanyaga ushike. Kidogo kidogo, mtu asitambue. Mimi niliyekuwa naogopa hata kukielekezea kidole sasa nilikuwa nakipanda kwa miguu mitupu. Niliendelea hivyo karibu wiki mbili. Mama alishangaa kichuguu hiki kina ukaidi gani. Baba aliendelea kukata tu.

Asubuhi moja nilifika na beseni langu, nikamkuta amekaa juu ya matofali, amejifunika koti lake la zamani la udereva. Nilitaka kukimbia, lakini alikuwa ameshaniona.

"Kapinga, unafanya nini?"

"Minarudisha, Papa."

"Ju ya nini?"

Nilianza kulia kabla sijajibu. "Ikiisha, utarudia kwa Ma Jeanne."

Nilingoja anikemee, au aniapie kwamba hatarudi tena; alikuwa ameapa mara nyingi sana na nilikuwa nakijua kiapo chote kwa moyo. Hakuapa. Alinivuta karibu, akanifunika na upande mmoja wa koti.

"Na miye pia niko naogopa," alisema. "Kila siku naona unarudisha, na roho yangu inafurahi."

Kisha akachukua beseni, akalijaza udongo, akapanda, akaumwaga juu, akaukanyaga kwa miguu yake mikubwa. Tuliendelea hivyo mpaka jua likatoka, yeye beseni moja, mimi beseni moja, wajinga wawili wanaojenga kichuguu. Nilichelewa shule na nikachapwa, na sikujali hata kidogo.

Saa kumi ya siku hiyo hiyo aliniita uani, mbele ya wote.

"Uliza Nkambo: hii sheria iko ya hii kichuguu moja, ao ya byote?"

Nkambo alikuwa anachambua mchicha, lenga-lenga tunavyouita. Mikono yake ilisimama. Mama naye akaacha kufagia. Nilikuwa bado sijafungua mdomo kurudia swali aliposema, uso wake ukutani:

"Ya byote. Ya hii mutaa yote."

Baba akachukua jembe lake. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mjane mmoja jirani aliyekuwa na kichuguu mbele ya mlango wake, akamwomba ruhusa ya kukikata. Baada ya hapo kikaja kingine, na kingine. Alianguka tena mara mbili, sitaki kudanganya, na mara zote mbili jibu la Nkambo lilikuwa lile lile. Kwenye lori la Kilwa hatukupanda.

Baba ni mzee sasa na mgongo umelikataa jembe. Mimi nakaa Makomeno, upande mwingine wa mji, na watoto wangu, nafanya kazi ofisini. Tangu aache matofali nimekuwa nikimpigia simu kila siku saa kumi. Hatuzungumzi mambo makubwa. Tunazungumza kuku wake. Zamani nilikuwa nasema kwamba baba alipona mwaka ule wa kichuguu. Siku hizi nasita kulisema neno hilo. Naona alipata kitu cha kuiweka mikono yake saa ile, kwa siku ile, na kesho yake akalazimika kukitafuta tena, na kesho kutwa pia, maisha yake yote. Uchovu wa kazi hiyo sikuujua nilipokuwa mtoto.

Mwezi uliopita kikao cha kazini kilirefuka, nami nikasahau. Simu ikalia mezani, mbele ya mkubwa wangu. Alikuwa baba, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kunipigia yeye.

"Kapinga," alisema, "saa imefika, na miye niko peke yangu."

Nilitoka bila kuomba ruhusa. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikamuuliza habari za kuku, naye akanieleza mmoja baada ya mwingine, jogoo, matetea, na vifaranga waliototolewa juzi, mpaka saa ile ikapita. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia baba yangu jioni ile.