Supu ya Hamu Niliyompikia Mama Mkwe

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni polepole, maana hadi leo nikielekea Manga huwa navuta kofia hadi kwenye nyusi kama mtu aliyeiba kuku. Nimepata aibu nyingi maishani (niliwahi kusimama kanisani nikasoma matangazo yote zipu ikiwa wazi), lakini hiyo ya zipu watu walishasahau. Hii ya supu hakuna aliyesahau, na wote walioinywa wako hai na wana afya njema, kwa hivyo sioni itasahaulika lini.

Mimi ni Makori, mtu wa Birongo, nina kaduka ka kuuza na kutengeneza simu hapa Kisii mjini, na ni Mkatoliki. Mke wangu Moraa ametoka Manga, na kwao ni Wasabato, tena si Wasabato wa jina tu, ni wale ambao Ijumaa jua likianza kushuka hata redio inajua inyamaze. Mama yake ni shemasi. Siku Moraa aliponipeleka kwao mara ya kwanza, yule mama alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na nguruwe unakula?" Mimi kwa kutaka kuwa mkweli nikasema, "Mama, si kila siku." Moraa aliniambia baadaye kwamba ningesema ndiyo ingekuwa afadhali.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwahi kula kitu kilichopikwa nyumbani kwetu. Alikuja kututembelea, ndiyo, alibeba mtoto, akaomba, akacheka, lakini alikuja na thamosi yake ya chai, na kitu pekee alichokubali mezani kwangu ni ndizi mbivu, kwa sababu ndizi inakuja na ganda lake na hakuna mtu ameishika ndani. Hakusema neno baya hata mara moja. Ndiyo maana iliniuma, mtu akikugombeza unaweza kujitetea, lakini mtu akikumenyea ndizi mbele ya pilau yako utamwambia nini.

Sasa mwaka jana, wakati wa zile mvua ambazo Manga yote inakaa ndani ya ukungu, Moraa alikuwa Nakuru kwa mafunzo ya walimu wa chekechea, mtoto wetu yuko naye, akanipigia simu Jumamosi jioni. "Mama ana homa mbaya, kifua kimeshika. Nunua dawa kesho umpe mtu wa boda boda apeleke. Basi." Mlisikia hilo neno "basi"? Mimi pia nililisikia. Lakini nikajiambia, dawa kwa boda boda ni kama kutuma mzigo, mkwe wa maana anakwenda mwenyewe, na anakwenda na kitu cha moto mkononi. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Nikaingia kwenye simu kutafuta chakula cha mtu mwenye homa, nikampata mama mmoja mzungu, jiko lake linang'aa, nje ya dirisha theluji inaanguka, anapika supu ya ham na viazi na anasema hakuna kitu kinamfariji mgonjwa kama hiyo. Niliitazama video yote, nikairudia. Viazi ninavyo, vitunguu ninavyo, maziwa ninayo. Imebaki ham. Na hapa ndipo naomba mnisikilize bila kunihukumu haraka: mimi nilijua hambaga ni nyama ya ng'ombe (nimekula hambaga, imeandikwa pale ukutani kabisa kwamba ni ng'ombe), sasa mtu mwenye akili zake atafikiri nini kuhusu ham? Si ndiyo ile ile kabla haijawekewa mkate? Mpaka leo naona hesabu yangu ilikuwa sawa, ni Kiingereza ndicho kilikosea.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nikanunua dawa, kisha nikaingia supamaketi, nikamuuliza msichana wa pale kama kuna ham, akanionyesha friji kwa kidevu bila kutoa macho kwenye simu yake. Nikaona pakiti ya nyama ya rangi ya waridi, imeandikwa ham kwa herufi kubwa, na kibandiko cha bei kimebandikwa mahali ambapo, nilikuja kujua baadaye, ndipo palipokuwa na neno la muhimu kuliko yote. Nikachukua pakiti kadhaa, sikutaka supu ya maji maji.

Nilipika kama ninavyowaambia. Nilikaanga vitunguu na saumu, nikatia ham iliyokatwa vipande vidogo hadi kingo zikaanza kuwa kahawia, nikatia karoti, nikatia viazi, nikafunika vichemke, nusu ya viazi nikaviponda ili supu iwe nzito, nikamwaga maziwa taratibu, pilipili manga, dhania juu. Nyumba nzima ikanukia hadi jirani akagonga kuuliza kama Moraa amerudi. Nikaonja. Jamani, ilikuwa tamu, na ulimi wangu ulijaribu kuniambia kitu, uliniambia hii ladha tunafahamiana, tumewahi kukutana mahali, nadhani ni Masimba kwenye ile bucha ya pembeni. Mimi nikauambia ni kwa sababu nimejua kupika.

Nikajaza hotpoti kubwa, nikaifunga na leso ya Moraa, nikapanda boda boda, nikaikumbatia ile hotpoti njia nzima ya kupanda Manga kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Nilitegemea nitamkuta mama mkwe peke yake. Nikakuta sebule imejaa. Kanisa lilikuwa limekuja kumwombea mgonjwa: mashemasi wenzake kwenye makochi, na kwenye kiti kikubwa Mzee Onchiri, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti la kijivu na sauti ya kutoka tumboni. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na mlango wa ndani, amejifunika blanketi, pua imeziba, akaniona na ile hotpoti, akatazama dawa, akatazama hotpoti tena.

"Omoko," akasema, hivyo ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita mkwe, "umepika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Na ni supu ya nini?"

"Ni supu ya ham, mama."

"Ya hamu?"

"Eeh, ya ham."

Mzee Onchiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hamu. Hilo ni jina zuri. Mgonjwa anahitaji chakula cha kumrudishia hamu."

Nami nikaacha iende hivyo, kwa sababu nilikuwa sitaki kumsahihisha mzee mbele ya watu, na pia, niseme ukweli, nilipenda vile ilivyosikika.

Mama mkwe akajivutia blanketi. Nadhani alikuwa anafikiria ndizi. Kisha kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, akasema, "Haya, niwekee kidogo." Mimi moyo ulinipasuka kwa furaha. Akanywa kijiko kimoja, akafunga macho. Akanywa kingine. Akasema, "Pua imefunguka," na shemasi mmoja, Mama Bochere, ambaye huwa habaki nyuma, akasema basi na yeye aonjeshwe, alikuwa na kikohozi tangu Jumatano. Baada ya hapo kila mtu alikuwa na ugonjwa fulani. Nikaletewa vikombe kutoka jikoni, nikawapakulia wote mimi mwenyewe, nimekunja mikono ya shati, naitwa "mwanangu" kulia na kushoto. Mzee Onchiri alirudisha kikombe chake kijazwe mara mbili. Mara ya tatu hakurudisha, alikinyoosha tu hewani akiendelea kuongea mambo ya ujenzi wa kanisa.

"Kijana huyu ni Mkatoliki," Mama Bochere akasema, "lakini hii supu iko na wokovu."

Ningeondoka hapo, leo ningekuwa mtu mkubwa Manga nzima. Lakini mama mkwe akasema anataka kumpigia Moraa amshukuru kwa mume aliyempata, na akanipa simu niweke sauti kubwa ili wote wasikie. Mimi fundi wa simu, sauti niliiweka hadi mwisho.

"Moraa," akasema mama mkwe, "huyu bwana yako ametuletea supu. Tumekunywa sisi wote. Na mzee wa kanisa."

"Supu?" sauti ya Moraa ikajaa sebule. "Si nilimwambia atume dawa. Supu ya nini?"

"Ya hamu," sebule nzima ikajibu, kama wanakwaya.

"Hamu gani?"

Nikaona nimsaidie. "Ile ham, mama watoto. Ham na viazi. Nilinunua supamaketi."

Nilifikiri mtandao umekatika, nikaitikisa. Kisha Moraa akaongea polepole sana, kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wake wa chekechea mmoja wao akiwa amemeza kitu. "Makori. Ham ni nguruwe."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa kelele ningejua la kufanya. Kilichosikika ni vikombe tu vikiwekwa chini, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama vina moto. Shemasi mmoja akatoka nje kwenye migomba, na tukamsikia. Mwingine akamfuata. Mama Bochere akawa anatazama ndani ya kikombe chake, akauliza kwa sauti ya chini kama viazi navyo vinahesabika, kwa sababu yeye alipewa viazi tupu. Mzee Onchiri bado alikuwa na mdomo umejaa. Alikaa hivyo, mashavu yamevimba, macho yanazunguka sebule kutafuta mahali pa kupeleka ile supu, mwisho akafumba macho na kumeza. Nadhani aliona ni heshima zaidi.

Mimi nilitaka kutoka. Mlango wa mbele ulikuwa umejaa watu wanaokwenda migombani, kwa hivyo nikageuka, nikaona mlango mwingine, nikajua huo ndio wa kutokea nyuma, nikaufungua na kuingia haraka na kuufunga.

Sasa lazima niwaambie kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana chinsoni, yaani heshima yenye mipaka mikali, na chumba cha kulala cha mama mkwe ni mahali ambapo mkwe hapaswi hata kujua kiko upande gani wa nyumba. Nami nilikuwa nimeitii hiyo heshima vizuri sana. Sikujua kiko upande gani. Ndiyo maana nilijikuta nimesimama ndani yake, natazamana na kitanda chake, nguo zake za kanisa zimetundikwa ukutani, na Biblia imefunguliwa juu ya mto.

Nyuma ya mlango nikasikia sauti yake, imetulia kabisa, bila hata makamasi. "Omoko. Toka polepole. Usiguse kitu."

Nikatoka nimefumba macho, nikajigonga kwenye fremu ya mlango. Mzee Onchiri akasema tuombe. Aliomba kwa muda mrefu, akawaombea waliokula bila kujua, akawaombea waliokula kidogo, akawaombea waliokula zaidi kidogo (sauti ikashuka hapo), na mwishoni akaomba kijana huyu apewe bidii ya kusoma kilichoandikwa kwenye vitu. Simu ilikuwa bado iko wazi. Tulimsikia Moraa akisema amina.

Nilishuka Manga kwa miguu kwenye mvua na hotpoti tupu. Kwa wiki mbili hivi hakuna aliyenipigia kutoka kule, na Moraa aliporudi alinisalimia kwa kunipa pakiti ya biskuti na kuniambia nimsomee.

Kisha jioni moja mama mkwe akapiga simu yeye mwenyewe. Akaniuliza habari za duka, habari za mvua, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwepo. "Ile supu," akasema. "Ile ya maziwa na viazi. Unaweza kuweka maharagwe?"

Nikamwambia naweza.

Alikuja Jumapili na Mama Bochere kama shahidi, na Mama Bochere akasimama jikoni kwangu tangu kitunguu cha kwanza hadi dhania, mikono kifuani, akinusa kila kitu. Mama mkwe akaketi mezani pangu, akachukua kijiko changu, akala sahani yangu hadi chini. Hakuomba ndizi. Mimi nilikwenda nje nikajifanya naangalia tangi la maji, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Basi nimeapa, na mnishuhudie: sitampikia mtu kitu ambacho jina lake sijaliuliza kwa mtu mzima aliye macho. Na kula nyumbani kwangu sasa wanakula, kwa sharti moja, kwamba kabla ya maombi nisimame niwasomee kila pakiti iliyotumika. Juzi tulikuwa na wageni, nikasoma unga, nikasoma maziwa, nikafika kwenye chumvi, nikaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, nikaiweka mezani. Watu wakainamisha vichwa. Mama mkwe hakuinamisha cha kwake.

"Na nyuma, omoko," akasema. "Soma na nyuma."