Makosa Saba Niliyoyahesabu

Wapendwa, siku nne kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, mwanamume mmoja aliomba watu wamchukulie bunduki zake.

Sisi tukamjibu kwamba hajui kuandika.

Mimi ni Arlene, mjane, mwaka wa sita sasa. Kwetu ni milimani Pennsylvania. Shule niliishia darasa la nane, ila mwalimu wetu alinizawadia Biblia kwa kuandika maneno mia moja bila kosa.

Biblia ile ndiyo iliyonitia kiburi.

Hapana, nisiisingizie Biblia. Kiburi kilikuwa changu.

Mji wetu una kundi mtandaoni. Zamani lilikuwa la kutafuta mbwa waliopotea na kuulizana barabara ipi ina barafu. Mwezi ule likaingia suala la sheria mpya: kila mwenye bunduki nyumbani aifungie kabatini.

Kundi likawaka moto.

Mimi niliitaka sheria. Rusty Confer, fundi magari, aliipinga kuliko wote.

"Bunduki ya babu yangu haiguswi na serikari!" akaandika.

"Serikali," nikamjibu. "Jifunze kuiandika kwanza, ndipo uipinge."

"Bi Arlene rudi jikoni mkate unaungua!"

"Mkate wangu hauungui. Koma yako iko wapi?"

Tukaenda hivyo siku tisa. Ukimuuliza mtu sheria yenyewe inasemaje, hajui. Ukimuuliza nani kakosea neno gani, anakutajia mpaka saa.

Jumanne akaingia mtu anayejiita Mzee wa Bondeni. Aliandika hivi:

"Mimi sina ubisi na shelia. Mke wagu ndie alikuwa anashika ufungo wa kabati. Sasa hayupo. Kuna mtu anaeza kukaa na bunduki zagu mpaka theluji iishe?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Nikayapanga makosa yake, la kwanza hadi la saba. Chini nikamalizia: "Anayeandika hivi asipewe hata manati."

Watu mia na kumi na wawili wakabonyeza kidole gumba cha kuyapenda.

Wa upande wa pili wakaanza kuwinda makosa yangu. Wakapata moja. Tukagombania hilo moja hadi jioni. Aliyeuliza hakujibiwa na mtu.

Rusty hakuandika kitu. Nikajua nimemfunga mdomo.

Ijumaa tulikuwa kanisani, ukumbi wa chini, tukikanda unga wa kifungua kinywa cha wawindaji. Kila mwaka wanakula kwetu kabla ya kupanda mlimani. Twila, mwenzangu wa kwaya, akaniuliza:

"Hivi yule wako wa makosa saba ni nani?"

"Nitajuaje? Mtu tu."

"Ananishangaza. Mwanamume gani wa huku anatoa bunduki wiki hii? Shule zenyewe zinafungwa watoto wakawinde!"

Nikaacha kukanda.

Jamani. Kwetu mtu atauza gari, atauza ng'ombe, lakini wiki ya kufungua msimu haachi bunduki yake. Labda awe anaogopa kubaki nayo peke yake.

Mimi ninayejua nani hakuja ibada na nani amekuja na viatu vipya, hilo sikuliona. Nilikuwa nahesabu herufi.

*Sasa hayupo.*

Dottie! Dottie Rishel, tuliyemzika Septemba. Na mumewe Clair ndiye anayeniondolea theluji mlangoni tangu nifiwe, bila kuombwa, bila hata kugonga kunisalimia.

"Twila, shika huu unga."

"Unakwenda wapi na aproni?"

Nikatoka mbio. Niliendesha gari nikiomba sentensi moja tu njia nzima: Bwana, yasiwe maneno yangu ndiyo ya mwisho aliyoyasoma.

Nikagonga. Kimya.

Nikagonga tena, kwa ngumi.

Mlango ukafunguka. Clair alikuwa amekonda, ndevu za wiki nzima.

"Dada Arlene," akasema. "Una unga puani."

Nikalia palepale kizingitini.

Aliponiingiza ndani, macho yangu yalikimbilia pembeni mwa sebule. Lilipokuwa kabati la chuma pamebaki mraba safi sakafuni.

"Clair, kabati liko wapi?"

"Kwa Rusty. Alikuja Jumanne ileile na wanawe, wakalibeba zima zima."

"Alijuaje kuwa ni wewe?"

"Hakujua. Alizunguka kwa kila mwanamume aliyefiwa na mke mwaka huu. Mimi nilikuwa wa tatu."

Kumbe ule ndio ukimya wa Rusty. Mwenzangu alikuwa anagonga milango, mimi nahesabu vidole gumba.

"Alikwambia nini?"

"'Mzee, nasikia una mzigo.' Basi."

Mezani palikuwa na karatasi. Maneno yaleyale ya Jumanne, yameandikwa upya kwa penseli, polepole, yamefutwafutwa. Yote saba yamesahihishwa kwa mpangilio wangu.

"Kabla Rusty hajafika nilitaka kuliweka tena ombi langu kwenye kundi," akasema. "Nilidhani hawakunielewa kwa sababu ya makosa."

Akanisogezea.

"Hebu angalia wewe unayejua. Sasa liko sawa?"

Lilikuwa sawa. Halikuwa na kosa hata moja. Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Rusty hataki ukae kwake. Kasema mwenye bunduki na mwenye ufunguo wasiwe mtu mmoja. Kasema nikuletee wewe, yule mama mkali hapotezi kitu. Ila mimi nikaona aibu kuja."

Aibu aione yeye! Kwangu!

Jumamosi Clair alikula chapati zetu bila bunduki, Rusty pembeni yake. Nilimwomba Rusty msamaha mbele ya watu. Akasema, "Nipe siagi, Bi Arlene." Sheria bado anaipinga, mimi bado naitaka.

Ufunguo nimeufunga kwenye utepe wa Biblia ile ya zawadi.

Wewe unayesoma, mtu akiandika, tafuta kwanza anaomba nini. Herufi zitasubiri. Yeye huenda asisubiri.

Yale maneno yangu nimeyafuta. Lakini watu mia na kumi na wawili waliyapenda, na kidole cha kwanza kilikuwa changu mwenyewe.