Kidole Kikikubali: Buriani, Apolonia

Jana tumemzika Apolonia kule Kizwite, udongo nimetupa kwa mkono wangu huu, na bado leo asubuhi nimempigia simu. Ikaita. Akapokea mjukuu wake, ndipo nikakumbuka.

Ndugu zangu mnaonifuata humu, nakaribia miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Rafiki yangu Apolonia amefariki. Nataka mjue ni nani aliyenifundisha kupika pombe.

Nilikuwa bibi harusi, enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nililelewa na masista. Nilijua kudarizi, kupiga pasi na kuimba Kilatini nisichokielewa. Pombe ya ulezi sikujua hata inaanzia wapi.

Mume wangu alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, shamba likabaki juu yangu. Na kwa sisi Wafipa shamba ni ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani ili yaoze. Mtu mmoja hayawezi. Unaalika majirani, wanalima, unawapa pombe. Hakuna pombe, hakuna watu. Hakuna watu, mwaka unaofuata mtakula nini?

Nikapika. Siku ilipofika chungu kilikuwa na uji uleule, mzito kama tope la kusiliba ukuta. Watu wakaonja, wakasema asante mama, wakabeba majembe yao wakaondoka.

Mama Skola hakumeza kabisa, aliitema. Huyo ndiye alikuwa mkuu wa wapika pombe mtaani kwetu, na akina mama wale wakizunguka chungu hukuthubutu kuuliza swali.

"Pombe haifundishwi," akaniambia. "Beba maji miaka sita, pua yako itajua yenyewe. Ninyi wa masista shikeni sindano."

Wenzake wakacheka. Kile kicheko sijakisahau.

Majani shambani yalikuwa yanaanza kukauka, mvua inaaga. Nilikuwa na wiki mbili, si zaidi.

Apolonia alikuwa mkwe wa Mama Skola, mwaka wa nne anabeba maji. Alikuja kwangu mchana kweupe, mtungi kichwani, kama mtu anayepita tu. Akautua, akakaa.

"Mdogo wangu, kimea ulikitia saa ngapi?"

Nikamwambia nilikitia uji ukiwa unatokota, ili kiive vizuri. Masista walikuwa wakichemsha kila kitu.

Akacheka mpaka akashika mbavu, ila chake hakikuniuma.

"Umekiua. Kimea ni ulezi uliochipua, kina uhai kile. Ipua uji, subiri. Zamisha kidole, hesabu mpaka kumi. Kidole kikikataa, na kimea kitakataa. Kidole kikikubali, mimina."

Basi. Semina imekwisha. Baadaye nimefanya kazi ofisini miaka mingi, nimekaa training za wiki mbili zenye vyeti vya kutundika ukutani, na sikutoka na nusu ya hayo.

Nani alimwambia yeye? Hakuna. Alichungulia.

Nikamuuliza, mama mkwe wako akijua je? Akabeba mtungi wake. "Atajua. Lakini wewe utakuwa umeshalima."

Akaniagiza nianze na chungu kidogo, ili kikiharibika nisilie sana. Hakikuharibika. Nikapika vikubwa viwili.

Watu wakarudi, wengine kwa huruma tu. Jua halijafika utosini, ntumba zilikuwa zimefika mpakani. Mama Skola naye alikuja na jembe lake, akalima vizuri, nadhani alitaka haki ya kutema tena.

Mtaani kwetu kata ya kunywea pombe ikikutosha unaifunika kifudifudi juu ya chungu. Mama Skola akanywa yake yote. Sote tulikuwa tunaiangalia ile kata. Akainyoosha ijazwe tena.

"Nani kakufundisha?"

Nikatazama chini. Niliogopa, nakiri. Apolonia ndiye aliyesimama.

"Ni mimi, mama. Kwa siku moja. Nimempa habari ya kidole."

Mama Skola akakitazama kidole chake mwenyewe. "Mimi nilibebeshwa maji miaka sita," akasema polepole, "ndipo nikaambiwa habari ya kidole."

Kumbe wote walikuwa wanazamisha kidole. Ile pua ilikuwa maneno ya kututisha tu.

Kisha akaniambia, "Jaza, mwanangu."

Mwanangu, jamani. Si wa masista tena.

Mwaka uliofuata mabibi harusi walijaa uani kwa Apolonia, na Mama Skola amekaa kwenye kigoda anawahesabia mpaka kumi. Anayehesabu haraka alirudishwa mwanzo. Nilikuwepo, na nilicheka kwa raha zangu zote.

Juzi msibani mjukuu wangu alitaka kuwapikia waombolezaji togwa. Ana kundi lake kwenye simu, watu wanaopika vinywaji nyumbani. Wamemjibu kwamba asiye na kipimajoto asijisumbue, na maswali ya kitoto apeleke kwingine. Mama Skola hafi, kumbe anahamia kwenye simu.

Nikamwambia weka simu chini, mama, zamisha kidole. Tukahesabu wote kwa sauti, mpaka wafiwa wakageuka. Kikakubali. Ile togwa iliisha kabla padre hajafika.

Apolonia, dada yangu, sikuwahi kukushukuru kwa maneno. Nimelima maisha yangu yote, na tangu siku ile sijakosa watu shambani hata msimu mmoja. Kidole ninachoandikia hapa ndicho kilekile.

Kata yako nimeifunika mwenyewe juu ya chungu. Lala salama, dada. Huko hakuna wa kukubebesha maji.