Koti la Bakteria wa Maziwa Lala

Mama yangu anauza maziwa lala, yale yaliyogandishwa, huko Timbwani, Likoni, juu kidogo ya njia ya feri. Nilipoanza masomo ya uzamili, jirani yetu, mteja wake wa kila asubuhi, aliniuliza nafanya kazi gani hasa huko maabara. Nami nikiulizwa swali sijui kujibu kwa ufupi.

Nikamweleza kwamba baadhi ya bakteria huvaa koti lililojengwa kwa protini ya aina moja, vipande vinavyofanana kama vigae vya sakafu. Tunalivua koti hilo kwa maji yenye chumvi maalumu. Chumvi ikiondolewa, vipande hujipanga upya vyenyewe, bila fundi, na kuacha matundu yaliyolingana, madogo mno kuonekana kwa macho. Tunataka kuvitumia kujengea vichujio, au vifuko vya kupelekea dawa mwilini.

"Na bakteria wenyewe hawako mbali," nikamalizia kwa furaha. "Wamejaa humo kikombeni mwako."

Akakiweka kikombe chini.

Asubuhi zilizofuata hakuja, na shoga zake wawili nao wakatoweka. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimemfunza jirani vizuri kuacha, sasa nikamfunze kunywa.

Jioni moja nilimtazama mama akibakisha maziwa kidogo ya jana ili yagandishe mapya. Huyaita mbegu, na watu huja kumwomba. Ndipo nilipokumbuka kwamba jirani huyo alimchukulia bintiye mbegu hiyo alipoolewa Kisauni. Tukaenda kwake, mama na mimi. Nikamwamkia, akaitikia kwa ubaridi.

"Shangazi," nikasema, "ile mbegu ya Kisauni ndiyo hao bakteria. Wangekufa, maziwa yasingeganda."

Akafikiri. "Kumbe nimewafuga miaka yote hii?"

"Kunizidi mimi."

"Na wote wamevaa makoti, kwa joto hili la Likoni?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka.

Siku chache baadaye jirani alikuja na shoga zake, na chupa ndogo ya mbegu kutoka kwa bintiye. Alitaka nikaitazame kule maabara, nimwambie kama bakteria wa Kisauni wamevaa koti lile lile la wale wa Timbwani. Nikamwahidi kwamba, inshallah, nitaanza na chupa yake. Aliketi, akawaeleza wenzake habari ya vigae vinavyojipanga, polepole kuliko nilivyoeleza mimi, huku akinywa maziwa yake.